Vitunguu vya Pothos

*Teos, mwezi wa Artemision, siku ya mwezi mwandamo*

Kwa wifi yangu Artemo, msuka mashada, Aleksandria ya Misri.

Hujambo, wifi? Mimi sijambo, mama hajambo isipokuwa lile goti lake, na Zoilos hajambo kupita kiasi. Amejifunza kufungua komeo la zizi, kwa hiyo siku hizi mbuzi wanakula ndani na sisi tunakula uani. Mama anasema hizo ni akili za marehemu babu yake. Mimi nasema ni utundu wa shangazi yake. Mtini umechipua, na divai ya mwaka jana imegeuka siki, tunaitumia hivyo hivyo.

Bahari imefunguka. Meli ya kwanza ilipoonekana niliacha unga kwenye jiwe la kusagia nikakimbia bandarini nilivyo, kichwa cheupe kwa vumbi la ngano. Wapakuzi wakanicheka. "Mtazameni mke wa Thersandros, ameota mvi kwa kusubiri!" Nikawaambia mvi zangu zinapukutika, ujinga wao haupukutiki. Wakanipa barua yako.

Nimeisoma mpaka mikunjo imeanza kukatika. Umemsalimu mama, umenisalimu mimi, umemsalimu Zoilos, umemsalimu hata jirani yetu Boiska ambaye hamkuwahi kupatana. Kaka yako hayumo. Zamani kila barua yako ilikuwa na mstari wake: Thersandros anawasalimu, Thersandros amekonda, Thersandros anauliza kama mtoto ameota meno. Safari hii hakuna hata "Thersandros anakoroma." Mama aliniuliza, "Na mwanangu je?" Nikasema, anakusalimu. Mama hajui kusoma, mimi ndiye macho yake, na nimemdanganya.

Sasa jambo lenyewe. Baba yangu alikuja juzi, akakaa kwenye kiti cha Thersandros bila kuuliza.

"Hedeia," akasema, "mume gani huyu? Mtoto hajatambaa yeye huyo, kaenda kuchonga merikebu za mfalme wa watu. Sasa mtoto anafungua mazizi."

"Mwanangu yu hai," mama akasema, macho kwenye uzi wake.

"Kama yu hai ndiyo vibaya zaidi, mama Nikaso. Aliyekufa amekwenda zake. Huyu wako amemwacha binti yangu mlangoni kama mtungi ulioazimwa."

Desturi yetu unaijua. Mke aliyeachwa bila neno, baba yake anaweza kumrudisha kwao na kumwoza tena. Lakini mtoto wa kiume ni wa nyumba ya baba yake. Nitatoka na sanduku langu la nguo, Zoilos atabaki kwa mama. Na mwoaji yuko tayari: Hermon, mtia rangi sufu, yule mgane mwenye mikono ya zambarau mpaka viwikoni. Si mtu mbaya. Ndiyo maana naogopa.

Mtafute kaka yako, wifi. Mshike sikio. Aandike kwa mkono wake kwamba mimi ni mkewe bado, na baba atanyamaza. Tangu baba aondoke sikai. Nafagia palipofagiwa. Namkumbuka mwalimu wetu, yule wa jicho moja aliyetufundisha wasichana na wavulana pamoja. Alisema wahenga walikuwa na maneno matatu kwa kile ambacho wavivu wanakiita kupenda tu. Akashika mkate. "Huu uko mbele yako, una moto bado, mate yanakujaa. Hiyo ni himeros." Akauficha nyuma ya mgongo. "Sasa haupo, na bado pua inaunusa. Hiyo ni pothos." Tukamuuliza, na eros? Akaula mkate wote mbele yetu. Tulicheka sana. Mpaka leo sijui kama alijibu au alikuwa na njaa.

Mimi nimekuwa pua inayonusa, wifi. Nijibu upesi.

Hedeia wako

&nbsp;

*Aleksandria, mwezi wa Panemos, mto unaanza kupanda*

Kwa wifi Hedeia, Teos.

Nimefurahi kusikia mbuzi wanaheshimiwa nyumbani kwetu kuliko nilivyoheshimiwa mimi. Mwambie mama apake goti mafuta ya mlorieli, ayapashe moto kwanza, asiwe mbishi. Mimi mzima. Joto la huku linapika maua kwenye ndoo. Nasuka alfajiri, nauza asubuhi, mchana natupa. Mume wangu ameongeza kitambi. Nimemwambia akiendelea nitamsukia shada la kiuno.

Barua yako nimeisoma. Kuhusu kaka, sina la kukuandikia katika barua hii. Usikasirike. Karakana za mfalme zina mambo yake.

Kuhusu baba yako, vuta siku. Mwambie asubiri mavuno. Mavuno yakiisha, asubiri zabibu. Wanaume ukiwapa kitu cha kusubiri wanajiona wameamua wao.

Na yale maneno yako ya shuleni yalinichekesha nikiwa peke yangu. Huku kuna wanaume wazima wanaolishwa na mfalme wakae kivulini wagombanie neno moja. Mmoja wao hununua mashada kwangu. Nikamuuliza, eros ni nini hasa? Yaa, Hedeia, nilijuta! Alizungumza mpaka mawaridi yakanyauka mkononi mwake. Alisema watu wa kale walikuwa na eros ya chakula, ya usingizi, ya vita, wakishakula na kulala na kupigana eros imeondoka zake. Wangeweza kuwa na himeros hata ya kulia, wakishalia inatoka. Nikamuuliza, na pothos, hiyo inatoka ukifanyaje? Akasema wamepanga kulijadili mwezi ujao.

Mimi nikamwambia, bwana, mimi nauza mashada ya harusi, ya karamu na ya kaburini, na mteja hajafungua kinywa nimeshajua amekuja kuchukua lipi. Akalipa akaenda.

Mbusu Zoilos kwenye mashavu yote mawili. Masikio yake yamekuwaje? Hujaniambia.

Artemo

&nbsp;

*Teos, mwezi wa Kalamaion, nyasi zimekauka*

Kwa Artemo.

Salamu. Mama anasema mafuta yamesaidia, ila hatakiri mbele yako. Zoilos ameanguka kwenye jiwe la kisima akapasuka kidevu, kimepona. Masikio yake yamechomoza kama vishikio vya chungu, kama ya baba yake. Umeridhika?

Mimi sijaridhika. Nimekuuliza jambo moja, umenijibu kitambi cha mumeo. "Karakana zina mambo yake." Mambo gani? Ana mguu mmoja? Yuko gerezani? Au ana mwanamke? Sema tu, wifi. Nasikia wanawake wa Kimisri wanapaka macho wino, na sisi huku tunapaka masizi ya jikoni bila kutaka. Kama ameshikwa na hiyo eros ya yule mteja wako, basi ale ashibe, imtoke, arudi. Mimi nitamtukana msimu mmoja kisha nitampikia dengu. Mwambie hivyo. Lakini aniletee neno, kwa sababu neno lake ndilo linalonipa mtoto wangu.

Nimevuta siku kama ulivyosema. Baba alisubiri mavuno, sasa anasubiri zabibu, lakini amekwishaweka mpaka. "Sikukuu ya maua ikipita, basi," amesema. Nikalia. Sikukuu hiyo Zoilos atavishwa shada lake la kwanza pamoja na watoto wote waliofika umri, apewe kijagi chake kidogo, na baba amekubali nimwone mwanangu na shada kichwani kabla ya kutoka. Anaona amenifanyia hisani. Na yeye analia, wifi, nilimwona akijifuta kwa ncha ya joho. Anaogopa afe aniache sina mtu.

Nikuambie lingine. Ukitaka ukasirike. Juzi kisimani kamba ya ndoo ilikatika, Hermon akapita, akaingiza mkono mpaka begani akaitoa ndoo. Mkono ule wa zambarau ukapita karibu na wangu. Haukunigusa. Nilirudi nyumbani nimesahau maji.

Boiska aliona, huyo haoni lipi? "Hee, Hedeia! Kwenda na ndoo, kurudi na mashavu mekundu! Rangi ya Hermon inashika hata bila kuchovya?"

Nikamwambia atazame mashavu yake, yamelegea kama viriba.

Nimejiuliza sana. Mkate uliopo unanitoa mate na mkate usiokuwepo naunusa, na vyote viwili viko ndani yangu mchana mmoja. Nikimshika Zoilos kumwogesha, shingo yake inanuka jasho na nyasi, vyote vinanyamaza. Hiyo nayo ina jina gani? Mwalimu hakutufundisha. Muulize yule wako wa kivulini.

Kichwa cha kaka yako kilikuwa kinanuka utomvu wa msonobari hata akioga. Vipande vya mbao nilikuwa navitoa kwenye nywele zake amelala. Sikumwacha mimi. Mwambie.

Usiponijibu safari hii nitajua unamficha.

Hedeia

&nbsp;

*Aleksandria, mwezi wa Hyperberetaios, meli za mwisho*

Hedeia, mdogo wangu.

Nahodha amesimama mlangoni anakunja uso, kwa hiyo salamu ni fupi: tupo.

Usimchukie kaka yangu. Hilo peke yake naliomba. Hana mwanamke. Nimekuandikia hilo na hilo ni kweli.

Katika kikapu hiki kuna vitunguu vya yale maua yanayoitwa pothos, nimevifunga kwa unyasi. Si vya kula, mama asivitie kwenye chungu. Vipandwe mlangoni, mahali mnapopita kila siku. Mama avipande yeye mwenyewe kwa mikono yake. Vitalala majira ya baridi na kuchanua sikukuu ya maua, au siku chache kabla. Vikichanua vitazameni pamoja, wewe na yeye, mkiwa mmekaa.

Kuhusu ile mikono ya zambarau, sikukasirika. Ulitaka nikasirike?

Baba yako asikutoe katika nyumba ile kabla maua hayajachanua. Ng'ang'ania. Jifanye mgonjwa, uma watu, ng'ang'ania.

Artemo

&nbsp;

*Teos, mwezi wa Poseideon, bahari imefungwa*

Kwa wifi yangu Artemo.

Hakuna meli, na barua hii italala kwenye sanduku mpaka bahari ifunguke, lakini naandika. Nisipoandika natembea. Mama anasema nimechimba njia kutoka jikoni mpaka mlangoni.

Sote wazima. Mbuzi mmoja amekufa kwa baridi. Zoilos alimlilia kisha akamla.

Vitunguu vyako vimepandwa. Mama aliketi chini kabisa na goti lake lile, akachimba kwa vidole pande mbili za kizingiti. Boiska akaja na maoni yake, kama kawaida. "Mnafukia chakula? Vitunguu vya namna hii mpe mwanamume vimechemshwa na asali, halafu funga mlango!" Mama akamrushia udongo. "Mwanamume wa nyumba hii hayupo, na wako hata akila shamba zima hawezi." Tulicheka mpaka Zoilos naye akacheka bila kujua.

Pothos za huku unazijua, ziko za aina mbili, ile nyekundu ya kwenye bustani na mashada, na ile nyeupe tunayopanda makaburini. Boiska akauliza ni zipi. Mama akasema, "Artemo amesema mlangoni, basi ni nyekundu. Nyekundu mlangoni humvuta msafiri." Akasema kwa sauti kubwa, kama anayezungumza na mtu wa mbali. Nami nimeamini. Umesema hana mwanamke. Umesema ning'ang'anie. Basi anakuja! Labda yuko njiani, labda aliapa asiseme, alitaka kutushtua, unajua alivyo na mizaha. Nimemfulia joho lake la sufu.

Zoilos anazungumza na ule udongo kila asubuhi. "Amka," anauambia. Majani yametoka, membamba, kijani kama ya kitunguu saumu.

Hermon amemletea Zoilos kijagi cha sikukuu, kimechorwa mtoto anayetambaa kufuata jogoo. Hakuingia ndani. Alisema, "Hata kama baba yake atarudi, mtoto lazima awe na kijagi." Nimekiweka juu ya rafu, nikakishusha, nikakipandisha tena.

Mama hulala upande wa mlango siku hizi. Nikimuuliza, anasema ni goti.

Hedeia

&nbsp;

*Teos, mwezi wa Anthesterion, siku ya vyungu, milango imepakwa lami*

Artemo.

Yamechanua.

Sina salamu za kukuandikia. Nitasema ilivyokuwa.

Jana ilikuwa siku ya watoto. Nimeamka nakanda unga, mama anachana sufu, baba na Hermon walikuwa wanakuja kula na kupanga siku ya mimi kutoka. Vitumba vya maua vilikuwa vimevimba tangu juzi na bado vilikuwa kijani kitupu, mama alikuwa anavipapasa akipita. Basi Zoilos akaingia anakimbia, amejipachika ua sikioni, kwenye lile sikio la baba yake.

"Bibi! Limeamka!"

Lilikuwa jeupe, wifi. Jeupe kama maziwa.

Mama alimkamata akalitoa lile ua kwenye sikio la mtoto, polepole sana, kama mtu anayemtoa nyuki. Mimi nikatoka mlangoni nikatazama. Yote meupe, pande zote mbili. Nikasema, "Artemo amekosea, mama. Muuzaji amemchanganyia."

"Artemo?" mama akasema. "Anasuka mashada tangu hajang'oka meno ya utoto. Artemo achanganye?"

Tukakaa. Uliandika tukae, nami nilikuwa nimesahau. Tulikaa pale kwenye kizingiti katikati ya maua yako, na Zoilos akawa anauliza kwa nini tumekalia njia.

Mama akasema, "Kijana huyu ana siku moja tu ya shada la kwanza katika maisha yake. Haitaharibika." Akamnawisha uso, akamchana. Boiska alileta maua ya urujuani bila kusema neno, yeye Boiska, bila kusema neno hata moja, na mama akasuka shada mwenyewe akamvisha. Zoilos akazunguka uani na kijagi chake kama mfalme, akamwagia kuku divai. Mimi nilikuwa nacheka naye. Sijui kicheko kilitoka wapi.

Baba na Hermon wakaja na mashada yao kichwani. Baba akakaa kwenye kiti kile kile. Alianza, "Sasa, mama Nikaso, kama tulivyosema..."

Mama akasimama. Hujawahi kumwona anasimama bila kushika kitu, jana alisimama.

"Mwanangu amekufa," akasema.

Siku zote, wifi, yeye ndiye aliyekuwa anasema yu hai. Walisema wapakuzi, alisema baba, nilisema mimi mwenyewe siku zangu mbaya, na yeye anajibu yu hai, macho kwenye uzi. Jana alisema hilo neno mbele ya watu, halafu akalisema tena kwa sababu baba hakusikia vizuri, au hakutaka.

"Mwanangu Thersandros amekufa Misri. Kwa hiyo binti yako si mke aliyeachwa. Ni mjane, na ana mtoto wa kiume katika nyumba hii. Desturi inamwambia achague mwenyewe, arudi kwenu au abaki na mwanawe. Muulizeni."

Baba akageuka mwekundu. "Nani amekuletea habari hiyo? Bahari imefungwa."

"Binti yangu ameniandikia."

"Mama Nikaso, wewe hujui kusoma."

Akamwonyesha mlango kwa kidole. "Barua hiyo najua kuisoma."

Hermon ndiye aliyeelewa wa kwanza, kwa kuwa alipita pale anaingia na alikuwa ameyaona yale maua. Alivua shada lake kichwani akaliweka chini. "Poleni, mama," akasema. "Pole, Hedeia." Baba naye akavua lake. Kisha baba akaniuliza, kwa sauti ndogo niliyokuwa naijua nilipokuwa mtoto, "Unasemaje, binti yangu?"

Nikasema nabaki.

Nilisema upesi sana. Nimefiwa na mume na siku hiyo hiyo nimeshukuru. Zoilos hakutoka mkononi mwangu, na aliyenipa ni baba yake kwa kufa. Nifanye nini na hilo? Sikulala, wala sikulia mpaka leo asubuhi, nilipofungua sanduku nikaliona lile joho limekunjwa safi.

Leo ni siku ya wafu, tumepika chungu cha nafaka kama watu wote. Mama alipaka lami milango yote ili mizimu isiingie, akauacha mlango wa mbele. Nikamwuliza. Akasema, "Wa kwetu apite wapi?"

Kwa nini, Artemo? Mwaka mzima nimekuwa namnusa mtu ambaye hayupo hata huko. Ningenyang'anywa mwanangu kwa ajili ya kunyamaza kwako. Kama yangechelewa kuchanua? Kama mbuzi wangeyala?

Nijibu. Safari hii nijibu nilichouliza.

Hedeia

&nbsp;

*Aleksandria, mwezi wa Xandikos, meli ya kwanza*

Hedeia.

Barua zako mbili zimefika pamoja, ile ya baridi yenye matumaini na hii. Nilizisoma kwa mpangilio. Heri ningeanza na ya pili.

Nakujibu.

Baba yetu alifia Kipro nikiwa msichana. Habari ilikuja kwa barua, na mama akaipeleka sokoni kusomewa, maana alidhani ni bei ya mbao. Mgeni mmoja akamsomea mbele ya wauza samaki. Siku niliyoolewa kuja huku, mama alinishika mkono juu ya meko, akaniapisha kwa Demeta kwamba habari ya kifo cha wa kwetu haitamfikia kwa karatasi wala kwa kinywa cha mtu. Niliapa. Nilikuwa bibi arusi, ningeapa chochote.

Majira ya baridi, kabla ya ile barua yangu isiyomtaja, kaka alishikwa na homa ya kinamasi kule karakanani, meli za mwisho zilikuwa zimeshaondoka. Walimleta kwangu. Alikufa katika chumba cha maua kwa kuwa ndicho chenye ubaridi. Nilimvisha shada mimi. Katika homa alikuwa anauliza kama mtoto ana masikio yake, nikamwambia anayo, kwa kuwa sikujua.

Ningekuandikia wewe peke yako? Wewe ndiye unayemsomea. Ungeshika karatasi ile mbele yake na uso wako huo usiojua kuficha kitu, na kiapo kingekuwa kimevunjika kupitia macho yako. Nilidhani nitapata njia. Kisha ikaja barua yako ya Kalamaion, nikaona kwamba nikinyamaza unampoteza Zoilos na nikisema nimekula kiapo bure. Nilikaa dukani natazama ndoo. Maua si karatasi, wala hayana kinywa.

Kama yangechelewa sijui. Nilijiuliza hilo kila siku ya baridi, na ujue hata mimi nimechimba njia yangu humu ndani.

Yule wa kivulini alikuja juzi. Nikamwuliza tena, pothos inatoka ukifanyaje? Akasema wamelijadili na hawakuafikiana, ila mmoja wao, mzee, alianza kulia katikati ya mazungumzo wakavunja kikao. Akanunua shada jeupe. Sikumtoza.

Mwambie mama nimesema... Hapana. Msalimu tu.

Artemo

&nbsp;

*Teos, mwezi wa Taureon, asubuhi*

Kwa wifi yangu Artemo.

Hujambo? Sisi hatujambo. Goti la mama limepoa kwa jua. Zoilos sasa anafungua mpaka zizi la Boiska, na vita vimeanza.

Barua yako nilimsomea mama yote, na kile kiapo, na wauza samaki, na chumba cha maua. Niliuliza kwanza kama anataka. Akasema, "Soma, nimeshajua." Pale pa masikio aliniambia nisome tena. Kisha akamwita Zoilos akamshika masikio yote mawili akakaa nayo hivyo, mpaka mtoto akachoka akapiga kelele.

Kwa kuwa hatuna mwili, tumefanya kama wanavyofanya jamaa za mabaharia: tumefukia lile joho lake la sufu kando ya kaburi tupu la baba yenu, na vipande vya msonobari nilivyokuwa nimevificha kwenye sanduku, usinicheke. Vitunguu vyako tumeving'oa mlangoni vilipokauka majani, tumevipanda pale juu. Mama alichimba, mimi nikamwagia, Zoilos akaviambia vilale.

Nilikuwa nimekasirika na wewe. Bado kidogo. Lakini ulinipa mtoto wangu kwa njia uliyoiweza, na ninapomwogesha nakutaja.

Hermon hupita na mikokoteni yake ya sufu, anasalimu bila kusimama. Juzi alisimama. Aliuliza kama kijagi kimevunjika. Nikamwambia bado, akasema vizuri, akaenda. Mama alikuwa anachana sufu karibu yangu. Akasema, bila kuinua macho, "Mlango ni wako, ukitaka kuufungua, na mtoto ni wako ukiufungua au usipoufungua." Nikashika uzi wangu. Siku hizi naweza kukaa kitako mpaka uzi uishe, hilo kwangu ni kubwa.

Bahari ni shwari. Njoo mwaka huu, wifi, na huyo wa kitambi. Tutakwenda pale juu pamoja, umwone alivyolala vizuri. Na ukija lete vile vitunguu vingine, vya ile nyekundu. Pande zote mbili za kizingiti pana mashimo, Zoilos anaangukia humo kila akitoka.

Hedeia wako